Propela ya Kumpeleka Ajambo Nyumbani

Okedi alilifungua gunia juu ya meza ya duka, akaitoa propela na kuilaza mbele ya muuzaji. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na mabawa matatu. Sasa zima lilikuwa moja tu. La pili lilikuwa limejikunja kama sikio la mbwa, na la tatu lilikatika likabaki chini ya maji ya ziwa huko Majanji.

"Hii imegonga jiwe," alisema muuzaji, kijana wa Kikenya aliyeitwa Jacktone, mwenye mafuta meusi mpaka kwenye viwiko.

"Ziwa imeshuka," Okedi akajibu. "Mwaka huu maji iko kidogo. Hata mtu wa macho ya mwewe anagonga."

Mkewe, Amoit, alisimama hatua moja nyuma yake, ameukumbatia mkoba wake. Siku ya Jumanne, propela ilipogonga, naye alikuwa ndani ya boti ile, na mwamba aliuona waziwazi, umetoa kichwa nje ya maji, ndege mweusi amekaa juu yake anakausha mbawa.

Walikuwa wamevuka mpaka asubuhi ile ya Alhamisi kwa sababu Busia ya upande wao, Uganda, hawakupata propela ya kuingia kwenye injini yao. Boti ya Okedi ilikuwa ya tanga. Upepo ukiwa mzuri alivusha watu na mizigo kwa tanga kutoka Majanji hadi visiwani; upepo ukifa, au ukimjia usoni, aliteremsha injini ndogo ya nguvu za farasi kumi na tano. Bila propela, injini hiyo ilikuwa chuma cha kuuzwa kwa kilo.

Na safari iliyokuwa mbele yao haikuwa ya kungoja upepo. Ajambo, mama mkwe wa binti yao Acom, alikuwa mochwari Tororo. Jumamosi angezikwa kwake kisiwani. Siku ya msiba Okedi alisimama mbele ya wakwe akasema, "Huyu mama hatavushwa na boti ya kukodi. Nitamvusha mimi mwenyewe." Watu walipiga makofi. Mzee Oguttu, mume wa marehemu, alimshika mkono na hakuuachia upesi. Siku mbili baadaye, propela ikavunjika.

Jacktone alileta propela mbili mpya, akaziweka sambamba.

"Zote zinaingia kwa shafti yenu. Tofauti ni mlalo wa mabawa. Hii ni tisa, hii ni kumi na mbili. Chukulia ni gia za pikipiki, mzee. Tisa ni gia ya kupanda mlima na magunia ya mkaa: nguvu mob, mbio kidogo. Kumi na mbili ni ya lami. Inatoka mbio! Lakini ukiibebesha mzigo, injini inalia. Sasa hii yenu ya zamani ilikuwa ngapi? Namba huchongwa hapo kwa kitovu."

Okedi aliichukua ile iliyovunjika, akaigeuzia mlangoni kulikokuwa na mwanga. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha karibu. Kidole gumba chake kilipita juu ya kitovu polepole, kama kinatafuta kipele kwenye ngozi ya ng'ombe. Amoit alikuwa nyuma ya bega lake. Kwenye chuma ile namba ilionekana wazi kama namba ya wimbo iliyoandikwa kwenye ubao wa kanisani. Ilikuwa tisa.

"Kumi na mbili," alisema Okedi.

"Una uhakika? Hebu nicheki."

Okedi akaivutia kifuani. "Wewe nafikiri mimi sijui soma? Mimi nilimaliza praimari Bulumbi, baba yako bado hajaoa."

Wanaume wawili waliokuwa wakingoja mikanda ya posho mili, mashine za kusaga unga, walicheka. "Mpe mzee mbio yake," alisema mmoja. "Uzeeni ndiko mtu huwa na haraka." Jacktone akainua mikono.

"Sawa, baba. Wewe ndiye mwenye boti." Kisha, labda kwa sababu ya kitu alichokiona usoni mwa mwanamke, akauliza, "Mama, ni hiyo?"

Amoit aliutazama mgongo wa mumewe, na ukosi wa shati alilolipiga pasi mwenyewe alfajiri. Misuli ya shingo ilikuwa imesimama.

"Baba ndiye anajua mambo ya boti," alisema.

Jacktone aliifunga ile ya kumi na mbili kwa gazeti. "Ikikataa, rudisheni. Lakini iwe haijagusa maji. Ikishaingia ziwani ni yenu."

*

Walirudi mpakani kwa miguu, kando ya foleni ya malori. Okedi alitembea mbele, propela kwapani, kifua mbele. Karibu na lango alilikanyaga karai la nyanya lililowekwa kando ya njia. Lilipinduka, na nyanya zikabiringika mpaka chini ya magurudumu.

"Mzee, kwani wewe kipofu?" mwenye nyanya akapiga kelele.

"Na wewe kwa nini unaweka karai kwa njia ya watu?"

"Njia gani? Mimi niko hapa tangu mwaka jana!"

Amoit alipiga magoti akaziokota, zilizopasuka na nzima, akamwomba yule mama radhi kwa Kisamia chake cha kubabaisha, lugha ya wakwe zao. Aliposimama, Okedi alikuwa amekwisha kwenda mbele. Alimfikia upande wa pili wa lango.

Kwa karibu miaka miwili alikuwa akiona mambo madogo. Chai ikimwagwa kando ya kikombe. Mumewe akimwamkia mtu aliyekwisha kupita. Mikono yake ikipapasa kizingiti kabla ya kuingia chumbani, ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kila mara Amoit aliliondoa jambo njiani kimya kimya: akasogeza kikombe, akamtaja mtu kwa jina kabla hajafika karibu, akaacha mlango wazi.

"Papa Acom," alisema. "Ile namba."

"Namba gani?"

"Ya kwa propela ya zamani. Mimi niliona kama..."

Okedi akasimama. "Uliona kama nini?"

Hasira za mumewe Amoit alizijua kama mtu anavyomjua mbwa wa nyumbani. Alijua ni lini zinabweka na ni lini zinauma. Lakini sauti hii haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyesikia hatua nyuma yake gizani.

"Niliona kama imefutika," alisema.

"Imefutika kidogo," Okedi akajibu haraka. "Kidogo tu."

Wakaenda. Moyoni Amoit akakata shauri: kesho asubuhi, kabla haijagusa maji, ataichukua na kuirudisha mwenyewe. Atasema anakwenda Busia kununua sukari ya msiba.

*

Ijumaa alipoamka, kitanda upande wa pili kilikuwa kimepoa. Alifika ufukoni akihema, mkoba mkononi, akakuta injini imekwisha kuteremshwa majini. Okedi hakuhitaji macho kufunga propela. Mikono yake iliijua kila skrubu. Ndani ya boti alikuwa na Edgar, mkwewe, mtoto wa marehemu, aliyevuka kuja kupanga safari ya mama yake.

Boti ilikuwa tupu. Okedi alivuta kamba mara moja, injini ikaitika, na boti ikaondoka ufukoni kwa kasi ambayo hakuna mtu Majanji aliyewahi kuiona kwake. Omo, ile sehemu ya mbele ya boti, iliinuka juu ya maji. Walizunguka mara mbili mbele ya wachuuzi wa dagaa, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Baba, hii sasa ni ndege!" Edgar alisema waliporudi, machozi ya upepo yakimtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mama yake afariki.

Okedi naye alicheka, akaupiga mgongo wa injini kama mtu anayemsifu fahali. Alimtafuta mkewe kwa sauti. "Mama Acom, umeona?"

"Nimeona," alisema Amoit.

Na akajiambia kwamba pengine hakusoma vizuri pale dukani. Pengine chuma kilikuwa kimekwaruzika. Na hata kama alisoma vizuri, si boti imekwenda? Mtu akitaka sana kuamini jambo, hakosi ushahidi. Alirudi nyumbani kuchambua mchele, na mkoba akautundika ukutani.

*

Walikuwa wamekubaliana kuondoka Jumamosi alfajiri, kwa upepo wa bara, ule unaovuma asubuhi kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ungewafikisha kwa tanga tupu. Lakini gari lililoleta maiti kutoka Tororo lilipasuka tairi, na tairi la akiba nalo likakosa pumzi, na jeneza halikufika Majanji mpaka saa sita mchana. Upepo ulikuwa umekwisha. Tanga lilining'inia mlingotini kama shuka lililoanikwa.

Walililaza jeneza katikati ya boti. Wakapanda waombolezaji ishirini na wawili. Vikafuata masufuria, magunia ya mchele, kuni, na viti vya plastiki vya kukodi. Amoit alitazama jinsi boti inavyozama. Ubao wa pembeni ulibaki shubiri mbili juu ya maji.

"Papa Acom, viti vinaweza kuja safari ya pili."

"Wakwe wakae chini kama kuku? Acha."

Injini iliwaka vizuri. Lakini mara tu walipotoka nje, Amoit alisikia tofauti. Jana ilikuwa ikiimba, na leo inaguna. Okedi alizungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, lakini sauti haikupanda. Boti ilijikokota. Waombolezaji waliimba nyimbo za msiba, wakamaliza kitabu, wakaanza upya, na kisiwa kilikuwa bado ni mstari wa kijani kwa mbali.

Kwenye saa nane upepo ukaja, lakini ukaja kutoka ziwani, usoni mwao. Mawimbi yakaanza kuruka ndani. Mzee Oguttu alivua koti lake akalifunika jeneza upande wa kichwa, ingawa jeneza lilikuwa limepigwa vanishi na koti lilikuwa jipya.

Walikuwa wameipita safu ya miamba ambayo wavuvi huiita Meno, kisiwa kiko karibu kiasi cha kuona watu ufukoni, Edgar alipogeuka.

"Baba, ile maji ya kupoza injini haitoki. Inatoka mvuke."

Okedi alikuwa amekwisha kunusa. Alipunguza mafuta. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazimika. Alivuta kamba mara tano, sita. Wimbo ukafa mdomo mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki sauti ya mawimbi yakipiga ubao. Upepo uliwarudisha nyuma, mpaka katikati ya Meno.

"Tanga!" Okedi aliamuru. "Edgar, vuta!"

Alifanya lililo sawa. Aliinua uso, akaupima upepo kwa shavu, akalisimamia tanga na usukani kwa pamoja ili boti ibishe, iende mshazari dhidi ya upepo. Tanga likajaa. Boti ikalala ubavu na kuanza kwenda. Watu wakasema asante Yesu. Okedi alikaa wima kwenye usukani, mtulivu, akiwapeleka moja kwa moja kwenye povu jeupe lililokuwa likipasuka juu ya mawe.

"Papa Acom, kushoto," alisema Amoit.

Hakugeuka.

"Kushoto! Mawe hayo!"

"Kaa chini, Mama Acom. Boti haina nahodha wawili."

Mzee Oguttu aliinua kichwa. Wanawake wa Kisamia walitazamana. Mwanamke anampigia mumewe kelele mbele ya wakwe, na maiti iko katikati yao! Amoit aliona macho yale yote. Aliona pia jiwe, jeusi, linatoka na kuingia majini, hatua hamsini, arobaini.

"Huoni," alisema. Kisha akasimama, mkono mmoja kwenye mlingoti, akapaza sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. "Huoni, Papa Acom! Wewe huoni! Mbele yako ni mawe!"

Uso wa Okedi ulibadilika, ukawa uso wa mzee. Halafu, kwa sauti ndogo iliyomfikia kila mtu, akasema, "Basi niambie."

"Kushoto. Zaidi. Zaidi! Sasa shikilia."

Jiwe lilipita kulia, karibu kiasi cha kuguswa kwa kasia. La pili hawakulikwepa lote. Boti ilikwaruza tumbo kwa sauti ya mbao zinazolia, ikaegemea, na jeneza likaanza kuteleza. Mzee Oguttu alijitupa juu yake, akalikumbatia kifudifudi, viatu vyake vikining'inia juu ya maji. Alibaki hivyo mpaka boti iliposimama sawa, na hata baada ya hapo hakuinuka upesi.

Walibisha saa mbili nzima, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, Amoit akisema na Okedi akigeuza. Walipogusa mchanga, sauti ya Amoit ilikuwa imekauka, akawa anaonyesha kwa mkono, akisahau kwamba Okedi haoni.

*

Mazishi yalifanywa jua likiwa linazama. Mchungaji alifupisha mahubiri. Chakula kilikuwa kimechelewa na watoto walikuwa wanalia. Acom, binti yao, aliyekuwa akizunguka na sahani, alipita jikoni akamsikia mwanamke mmoja akisema, "Yule kipofu alitaka kutuongezea makaburi." Waliokuwa wakikoroga ugali walicheka, wakamwona Acom, wakanyamaza. Yeye aliinama akachukua sahani nyingine.

Ndugu wa Mzee Oguttu alitoa shukrani. Aliwashukuru waliochimba kaburi, waliopika, waliotoa hema, kwaya, na dereva aliyepasukiwa tairi. Boti hakuitaja. Okedi na Amoit hakuwataja. Watu walikuwa wanaanza kuinuka Okedi aliposimama.

Hakuna aliyemwita kuzungumza. Alivua kofia, akaelekeza uso wake upande ambako sauti ilikuwa imetoka.

"Wakwe zangu. Mimi sioni. Huu ni mwaka ya pili. Kidogo kidogo, kama mtu anafunga dirisha. Kwa duka waliniuliza namba ya propela, sikuona, nikasema uongo. Niliogopa watu watacheka. Kwa sababu ya aibu yangu, nimechukua mama yenu na watoto yenu nikaweka kwa mawe." Aliirudisha kofia kichwani. "Hakuna neno lingine."

Hapakuwa na makofi. Mzee Oguttu alikuwa akiutazama udongo mbichi.

"Tumesikia," alisema ndugu yake, na akatangaza mahali pa kunawia mikono.

*

Jumapili asubuhi Okedi alikaa ufukoni kando ya boti, akipapasa mkwaruzo tumboni mwake kwa kiganja. Amoit alimletea chai. Alimwekea kikombe mkononi, akakaa.

"Ilikuwa tisa," alisema.

"Nini?"

"Ile namba. Ilikuwa tisa. Niliona pale dukani."

Okedi alikiweka kikombe chini.

"Uliona."

"Niliona."

"Ulinyamaza."

"Niliogopa kukuaibisha mbele ya wale vijana."

"Na kuzamisha watu ishirini na mbili je? Hiyo haina aibu?" Sauti ilipanda, na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakageuka. "Mimi sioni, Mungu amenifunga macho. Wewe nani alikufunga mdomo?"

Amoit hakulia. Alikuwa amelia usiku.

"Niambie ukweli, Papa Acom. Ningesema pale, 'ni tisa, umekosea,' ungenifanya nini?"

Okedi aliliwaza swali lile kwa uaminifu, kama mtu anayepima kamba kabla ya kutegemea uzito wake.

"Ningekutukana kutoka Busia mpaka nyumbani," alisema hatimaye. "Na ningenunua hiyohiyo kumi na mbili."

"Basi."

"Lakini ungesema," alisema. "Ningekutukana, lakini ungesema."

Walikaa mpaka chai ikapoa.

*

Jumanne walikuwa tena dukani kwa Jacktone. Safari hii Okedi alisema kabla hajaulizwa. "Nilikudanganya. Mimi namba sikuona. Huyu aliona. Uliza yeye."

Jacktone aliitazama propela, ambayo sasa ilikuwa na mikwaruzo ya ziwa. Kwa desturi ya duka hakupaswa kuipokea, na aliwaambia hivyo. Kisha akamgeukia Amoit, akamuuliza boti ina urefu gani, inabeba watu wangapi, wanakwenda kwa tanga safari ngapi kati ya kumi. Alijibu yote. Wanaume wa foleni hawakucheka. Pengine ni kwa sababu safari hii hakuna aliyevimbisha kifua. Jacktone aliwapa ya tisa, akaichukua ile ya kumi na mbili kwa nusu ya bei, na akasema kwamba hata hiyo nusu wasimwambie mtu.

Kutoka pale walipanda hadi Tororo, kwa daktari wa macho. Muuguzi alimfunika Okedi jicho moja, akamwomba asome herufi ukutani. "Ukuta uko wapi?" aliuliza Okedi, na hakufanya mzaha. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichopotea kimepotea. Dawa ya matone ingelinda kidogo kilichobaki, kama angeitia kila siku bila kukosa. Angekuja mapema, wangeokoa zaidi. Mumewe alipouliza ni mapema kiasi gani, Amoit alitoka nje akasimama kwenye kibaraza, akaangalia jiwe kubwa linalosimama juu ya mji wa Tororo mpaka walipomwita.

*

Kwa wiki tatu Okedi alimfundisha mkewe usukani. Ukali wake ulikuwa uleule, na Amoit alimjibu kwa ukali kama huo, na wachuuzi wa dagaa wakapata cha kutazama. Alijifunza. Injini ilivuta boti yenye mzigo bila kuguna. Lakini siku waliyotangaza safari, abiria walipita mbele yao wakapanda boti nyingine. Wengine waliwaamkia kwa heshima nyingi mno, wakapita. Habari ya Meno ilikuwa imefika kila kijiji cha ufuko.

Saa tatu boti nyingine ilikuwa imejaa na kuondoka. Yao ilikuwa na Okedi na Amoit tu, na upepo wa bara ulikuwa unakwenda bure.

"Tungoje kidogo," alisema Okedi.

"Tumengoja."

"Kidogo tena."

Aliyekuja alikuwa Mzee Oguttu. Alikuwa ametoka Tororo kufuata hati za kifo, na alibeba gunia la mbegu za mihogo begani. Hawakuwa wameonana tangu mazishi. Aliwaamkia kutoka ufukoni, akaingia majini mpaka magotini, akalitupa gunia ndani, akapanda. Alikaa kwenye ubao wa katikati, mahali pale pale lilipolala jeneza.

"Leo nani anashika usukani?" aliuliza.

"Mama Acom," alisema Okedi. "Mimi nasikiliza upepo."

Mzee Oguttu alimtazama Amoit, aliyekuwa amekaa nyuma, mkono kwenye usukani, akinyoosha shingo kulia na kushoto. Akainuka tena. Alilishika lile gunia la mbegu, lililokuwa limesimama mbele, akalilaza chini ya ubao ili lisimzibie Amoit mbele. Kisha akakaa tena, akavua kofia yake, akainamisha kichwa ili naye asimkinge.

"Sasa unaona?" alimuuliza.

"Naona," alisema Amoit, na wakaondoka.